Kahawa ya Ngamiani, bila chupa

Nianze na bei, maana najua wapo wanaosoma hapo tu wakaondoka. Kikombe shilingi 200, kashata ya karanga shilingi 200. Ukinywa vitatu na kashata mbili, buku imekutosha. Mzee hutoka mara mbili kwa siku: baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma, kisha baada ya alasiri mpaka karibu na isha. Hana kibao cha biashara wala namba ya kulipia kwa simu. Yuko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, chini ya mwarobaini, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi. Namba yenyewe siitaji. Benchi ni moja, na mimi ndiyo kwanza nimepata pa kukaa.

Nimekunywa kahawa ya mzee huyu miaka 19, tangu nilipoolewa mtaa huu. Nimeinywa kila Ramadhani baada ya futari, nimeinywa kwenye matanga, nimeinywa nikiwa mjamzito kwa kificho, mama mkwe asijue. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsogelea hatua kumi. Wanaoijua mitaa yetu wamekwisha elewa. Kijiwe cha kahawa ni cha wanaume. Hakuna aliyebandika tangazo, unajua tu, kama unavyojua mlango gani wa msikiti ni wako. Mwanamke akitaka kahawa anamtuma mtoto na chupa ya chai, mtoto anarudi nayo imejaa, unamimina kwenye kikombe cha chai, unaendelea na vyombo vyako.

Kilichonitoa kwenye chupa ni Istanbul.

Nauza nguo za kike. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, nilifuata mzigo mwenyewe badala ya kuagizia watu, mimi na wifi yangu. Siku nne tulizunguka Laleli, maduka ya jumla juu ya maduka ya jumla, magauni yanauzwa kwa seti ya saizi zote, hutaki unaacha, mpaka nyayo zikawaka moto. Siku ya tano mzigo ulikwisha fungwa. Wifi akasema leo na sisi tuwe watalii.

Tukawa. Tulipita daraja la Galata, wavuvi wa mshipi wamejipanga ukingoni bega kwa bega, kila mmoja na kindoo chake cha samaki wadogo. Tukaingia soko la Misri, lile la viungo, nikaona iliki inauzwa kwa bei ambayo mkulima wa milima yetu ya Amani ukimtajia atadhani unamtania. Nje ya soko kuna duka la Kurukahveci Mehmet Efendi, wanauza kahawa tangu 1871, na foleni yake inakunja kona. Harufu imejaa uchochoro mzima. Nikapanga foleni. Shida ya kahawa sikuwa nayo. Nilipanga kwa sababu ya ile harufu, na kwa sababu watu wamepanga.

Kisha tukaenda kwenye ile kahawa ya mchanga. Kijana amevaa kizibao cha tarizi, mbele yake sinia la shaba limejaa mchanga, chini moto. Anachukua kibirika chenye mkono mrefu, anakizungusha mchangani taratibu, kahawa inapanda na povu lake mpaka ukingoni, unasema sasa inamwagika, anakiinua. Anakirudisha. Inapanda tena. Nilirekodi video ya dakika mbili. Kila aliyekuwepo alikuwa anarekodi, na kahawa nyingi zilipoa mezani wenyewe wakiangalia walichokipiga. Kikombe kimoja kilinipiga zaidi ya shilingi elfu kumi za kwetu. Kililetwa na glasi ya maji na kipande cha kitu kitamu chenye unga mweupe.

Kijana alikitaja kikombe kwa jina. Kwao huandikwa fincan, ila akilitamka unasikia finjan. Nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Bibi yangu Pangani alikuwa akisema finjani, sisi wajukuu tukamcheka, ushamba gani huu, si useme kikombe. Na hapa ninalipa elfu kumi kusikia mtu akilisema.

Wifi alikunywa funda moja akaniangalia. "Wifi, hii si kahawa ya Ngamiani imevaa suti?"

Nikamwambia anyamaze, narekodi.

Usiku hotelini nilisoma kwenye simu kwamba UNESCO waliiandika kahawa ya Waturuki kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2013, na mwaka 2015 wakaiandika ya Waarabu, iliyopelekwa na Oman, Saudia, Qatar na Emirati kwa pamoja. Nikasoma kwamba migahawa ya kahawa ilianza mji ule katikati ya karne ya 16, na kwamba Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633. Nikacheka peke yangu. Ya Mzee wetu, hata hilo dele lake, birika la kahawa, na jina la dele, vimetoka huko huko Uarabuni, lakini yeye hajaandikwa popote. Anaandika yeye, kwenye daftari la madeni.

Ila mambo ya mchanga na UNESCO ningeyasahau uwanja wa ndege. Lililonikaa ni la asubuhi ya kuondoka. Tulipotea nyuma ya hoteli tukitafuta kifungua kinywa, tukaona ukumbi una meza ndogo, watu wanakunywa chai kwenye glasi za kiuno chembamba, tukaingia tukakaa. Macho yote yakatugeukia. Mhudumu akaleta chai mbili bila kuuliza. Tukanywa, tukalipa, tukashukuru kwa ishara. Tumefika kona ya pili, wifi akasimama. "Umeona mwanamke mle?"

Nikarudisha akili nyuma. Wazee, karata, moshi wa sigara, televisheni. Hakuna. Tulikuwa tumekaa kijiweni kwa watu! Wakatusamehe kwa kuwa mgeni hajui. Mgeni si mkwe wa mtu wala mama wa mtu, hakuna wa kumpelekea habari zake.

Na ndani ya ndege, wifi amelala kwenye bega langu, nikawa napiga hesabu. Nimelipa tiketi kwenda kukaa kwenye benchi ambalo lipo hatua themanini kutoka mlangoni kwangu.

Ujasiri ulinichukua wiki tatu. Nilichagua Jumanne kwa sababu Jumanne ile hapakuwa na mpira. Nilivaa baibui, nikabeba pochi, chupa nikaiacha kabatini. Wazee walikuwa watano, wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilipofika, mkono uliokuwa unataka kula kizibo ukabaki hewani. Kinyozi akapunguza redio, mpaka leo sijui kwa nini. Mzee akaniangalia mikono yote miwili.

"Chupa iko wapi, mama?"

"Leo nakunywa hapa hapa, Baba."

Mmoja aliinuka kunipisha ingawa nafasi ilikuwepo. Mwingine akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumwangalia. Nikakaa.

Sasa nieleze nilichokiona, maana ndicho nilichokuja kukiandika. Dele lake ni la shaba. Tumbo limekuwa jeusi tii kwa masizi, lakini shingo inang'aa kama pete, pale mkono unapopita kila siku. Mshikio umezungushiwa kipande cha kanga kuukuu, ua moja la pindo bado linaonekana. Mdomoni amechomeka kilifu cha mnazi kuzuia mashapo. Dele linakaa juu ya jiko dogo la mkaa, na mkaa wenyewe anauweka vipande vinne, vitano, anavigeuza kwa koleo kama mtu anayechagua dagaa.

Vikombe ni vya kaure, havina mkono, kimoja ni kama nusu ya yai. Anashika vitatu kwenye kiganja kimoja. Ile sauti ya vikombe, ile chaka-chaka-chaka tunayoisikia wote madirishani, miaka 19 nilidhani ni ya kuita wateja, kama kengele ya muuza aiskrimu. Kumbe ni kazi. Anavitumbukiza kwenye ndoo, anavitoa, na ili kumwaga maji anavigonganisha humo humo kiganjani kwa kuzungusha vidole, kila kimoja kinamkung'uta mwenzake. Kwamba mtaa mzima unasikia, hiyo ni nyongeza. Nimejaribu nyumbani kwa vikombe vyangu. Nimevunja kimoja.

Kumimina anaanza chini kabisa, mdomo wa dele unakaribia kugusa kikombe, kisha mkono unapanda, unapanda, mpaka dele liko usawa wa bega na kahawa imekuwa uzi mmoja mweusi. Halafu kifundo cha mkono kinageuka kidogo, uzi unakatika. Hakuna tone. Wakati huo wote anaongea na mtu mwingine kuhusu bei ya saruji.

Kikombe hakijazi. Nikamuuliza mbona hajazi.

"Utashikia wapi?" akasema.

Kweli, kikombe hakina mkono, unashika ule ukingo uliobaki mtupu.

Ladha. Kwanza uchungu, wa kweli, ulimi unajikunja. Halafu tangawizi inakuja pembeni. Ukishameza ndipo pilipili manga inapojitambulisha kooni, imechelewa, kama mgeni aliyefika watu wakishanawa mikono. Na iliki huisikii kabisa mpaka kikombe kiwe kitupu. Ukikisogeza puani, ipo chini, inakusubiri. Kwenye chupa vyote hivi vinakuwa kitu kimoja: tangawizi na harufu ya kizibo. Nilikuwa namsifia mzee wa watu miaka 19 kwa kahawa ambayo sijawahi kuinywa.

Buni anakaanga mwenyewe usiku, kwenye kikaango cha chuma, nusu saa bila kuinuka. "Ukienda kufungua mlango tu, imeungua." Anatwanga kwa kinu. Iliki na pilipili manga anapelekewa kutoka milima ya Amani, juu ya Muheza, na mama mmoja anayeshuka na machungwa yake. Nilimletea zawadi pakiti ya ile kahawa ya foleni. Akafungua, akachukua kidogo kati ya vidole, akasugua. "Imesagwa kama wanja," akasema, kwa heshima kabisa. Alipoipika kwa namna yake ikaziba kilifu, ikabidi afunue dele mbele ya watu na kulizibua kwa kijiti. Nilitamani ardhi inimeze.

Kashata anapika mkewe. Ni nzuri, sukari imeunguzwa kidogo ndivyo inavyotakiwa, ila siku nyingine ni ngumu mno kwa meno ya wateja wake wengi. Kuna utaratibu: kashata kwanza, kahawa nyuma yake. Mimi nilifanya kinyume, na mzee wa drafti, ambaye hakuwa amenisemesha siku mbili, akashindwa kuvumilia. "Mama, unaiharibu." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia, na nililipokea kama "karibu".

Kuanzia siku ya tatu mazungumzo yalirudi. Nilikaa katikati ya ubishi wa Coastal Union ya 1988, mwaka walipochukua ubingwa, watu wanagombea nani alicheza namba ngapi, na kila mmoja alikuwepo Mkwakwani kwa macho yake. Kwa idadi yao uwanja ule ulijaa watu wa barabara yetu tu. Baadaye wakaniuliza habari za Uturuki. Nikatoa simu nikawaonyesha ile video ya mchanga. Simu ikapita mkono hadi mkono. Mzee aliitazama mara mbili.

"Mchanga wa nini?"

Nikasema wa kupashia joto.

"Mkaa hana?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Simu ikawa imeshafika kwa kinyozi. Mzee akamimina vikombe viwili, akapokea hela, akahesabu chenji. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Ila mkono wake mzuri."

Nilirudia video ile nyumbani usiku. Nilikuwa nimerekodi dakika mbili za mchanga, shaba, povu na kizibao. Mkono wa yule kijana sikuuona mpaka nilipoambiwa na mtu aliye na mkono kama ule.

Kasoro zipo, na sizifichi. Ya kwanza ni ndoo. Maji ni ndoo moja tangu alasiri, na ikifika magharibi yale maji yenyewe ni kahawa hafifu. Nendeni mapema. Nilimnunulia ndoo yenye koki nikidhani nimemaliza tatizo. Sasa anawekea mkaa. Kahawa nampa nyota zote tano, kashata nne, ndoo nyota moja na hiyo ni kwa kumstahi. Sigara ni nyingi, ukirudi nyumbani baibui linanuka. Masika ikishuka anahamia barazani kwa kinyozi, hapo wateja wa kunyolewa na wa kahawa wanabanana, unakunywa na nywele. Chenji hana, noti ya elfu kumi ataiangalia kama umemtukana.

Na kwa akina mama wenzangu: hakuna atakayekufukuza, lakini msidhani ni bure. Siku ile ya kwanza habari ilifika nyumbani kabla yangu, na hatua ni themanini tu. Mume wangu alikuwa mlangoni. Hakukasirika. Aliniuliza, kwa wasiwasi wa dhati, "Kwani chupa imevunjika?" Mama mkwe hakuniongelesha siku mbili. Ya tatu aliniita chumbani, akaniambia nifunge mlango, akauliza kama ni kweli kwamba ikinyweka moto pale pale ina pilipili. Yeye ameinywa kwa chupa tangu enzi za baba yake huyu Mzee, aliyekuwa na dele hilo hilo.

Istanbul nilikaa kwa ugeni. Ngamiani ugeni wangu uliisha siku ya tano au ya sita, na toka hapo nakaa kwa uso wangu mwenyewe. Siku nyingine inakuwa nzito, hasa akipita shehe au mama wa harusi niliyokosa kuhudhuria. Siku hizo nakunywa kimoja naondoka.

Juzi sikuwa na hela ndogo, nikamwambia aniandike. Akatoa daftari, la shule, mistari imechorwa kwa rula. Haandiki majina ya watu, anaandika alama anazozijua mwenyewe: Kofia, Fundi Redio, Mjomba wa Pongwe, Shati la Yanga. Nikachungulia niione yangu. Ilikuwa katikati ya ukurasa, mwandiko mzuri wa madrasa: "Chupa, 600."

Nikamwambia, Baba, miezi mitatu nakaa hapa, hiyo si ungeibadilisha. Akaijaribu kalamu kwenye kiganja, akanionyesha: wino umekwisha.